Kobayi Watatu Nilioandika Wamekufa

Siku mliponiaga kwa soda na biskuti, vijana wa maabara, mmoja wenu alisema: Mama Masika, utuandikie kidogo. Nilikubali mbio, kama ninavyokubali mambo yote, nikajuta njiani. Sasa nina juma la tatu nyumbani. Nakaa, nasimama, nafagia penye nimeshafagia, natoka kuchungulia barabara bila kungoja mgeni. Mimi ni mutu wa wasiwasi toka tumboni mwa mama, na wale wanaosema pensheni inaleta utulivu waje washinde na mimi siku moja tu. Donc naandika. Kiswahili changu ni cha misheni kwa juu na cha Butembo kwa chini; pale cha juu kitakapochoka, mtakiona cha chini, na donc na mais zake, yaani basi na lakini za Kifaransa.

Vyeo sitavitaja. Viko kwenye faili, faili iko bureau ya utawala, na nasikia panya ndio wanaoisoma. Nitasema juu ya vizimba, mikono, rejista, na jambo moja nililolifanya wakati wa vita ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu kwenye korido. Leo mlisikie lote.

Niliingia kazini kuosha vyombo vya kioo kwenye maabara ya kitivo cha udaktari. Siku ya kwanza nilivunja vikombe viwili vya kupimia kabla ya saa nne, juu ya kukimbia. Aliyenitoa kwenye sinki ni Papa Kasereka, mlinzi wa nyumba ya wanyama. Alikuwa amechanja ng'ombe wa Lubero miaka na miaka, mpaka mgongo wake ukakataa baridi ya kule, akashuka mjini kulinda wanyama wasiofika kilo mbili. Mutu mkavu, mwenye koti moja la kaki, asiyependa maneno. Aliniona nikipita na sinia, akauliza ninamkimbia nani. Nikasema hakuna. Akasema basi nimfuate, maana kule kwenye sinki ningewamalizia kioo chote.

Akanipa kobayi mikononi, yule ambaye vitabu vinamwita simbilisi. Kobayi akanikojolea, akanikwaruza, akaanguka chini. Papa Kasereka hakucheka. Alimwokota, akamlaza kwenye kiganja, kidole gumba nyuma ya bega, mkono wa pili chini ya makalio, na mnyama akatulia.

"Munyama asikuone na haraka," akaniambia. "Haraka yako uiweke mufukoni. Utaichukua tena saa ya kutoka."

Nilijaribu kuiweka mfukoni kila asubuhi kwa miaka yote iliyofuata. Kuna siku mfuko ulipasuka.

Ninyi mmezoea mashine, kwa hiyo nieleze kobayi walitufaa nini. Kwetu kila jiko lina kobayi. Wanakimbia chini ya kitanda na kando ya mafiga, wanakula maganda, na mtoto akianza kuvimba miguu kwa kukosa nyama, mama anamchinjia mmoja. Kule maabara walikuwa na kazi nyingine. Mgonjwa alikuja anakohoa, mikroskopi haikuona kitu, daktari bado ana shaka. Basi tulichukua makohozi yake, tukayasafisha, tukamchoma nayo kobayi kidogo kwa sindano kwenye paja. Kifua kikuu hakimwachi kobayi. Ndani ya majuma sita tulimpasua, na kama mgonjwa alikuwa nacho, kobayi alikuwa nacho. Mnyama anaugua ili daktari ajue. Hiyo ndiyo kazi, na mutu asiyeona uzito wake asiingie humo ndani.

Prof wetu aliuona. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikuwa amebandika mlangoni sheria tatu kwa mkono wake mwenyewe. Ya kwanza: etere, dawa ya kumlaza mnyama, kabla ya kisu, daima. Ya pili: kila mnyama aandikwe kwenye rejista, uzito wake, kazi yake, kifo chake na sababu ya kifo. Ya tatu: kinachoingia humu hakitoki kwa miguu wala kwa sahani. Papa Kasereka aliongeza ya nne, ambayo hakuiandika maana aliona ni aibu kumwandikia mutu mzima jambo la namna hiyo: usifungue vizimba viwili kwa mara moja.

Kupapasa tezi Papa Kasereka alinifundisha kwa maharage. Alishona maharage makavu ndani ya kitambaa kizito, mengine mazima, mengine nusu, akanifumba macho, akaniambia nitafute. Miezi miwili nilitafuta maharage kama kuku. Kisha akanipa kobayi waliochomwa, nipapase kwenye kinena, pale paja linapoungana na tumbo. Uvimbe wa tezi ya kifua kikuu unateleza chini ya kidole, mgumu, hauumii. Siku nilipoupata mwenyewe bila kuambiwa, alitikisa kichwa mara moja akaenda kunywa chai yake. Sikuwahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo kwake.

Vita ya kwanza ilipita mjini kama mutu anayekimbilia mahali pengine. Ya pili ilikuja ikaketi. Papa Kasereka hakuiona sana. Ugonjwa wa sukari ulimchukua mwanzoni mwake, tukamzika na koti lake la kaki, nami nikabaki na funguo. Etere ikawa ya kupimwa kwa matone. Sindano za kioo tulizichemsha mpaka namba zake zikafutika. Na kabichi za Lubero zikakoma kufika kila mara njia ilipofungwa, jambo linaloonekana dogo kwa mutu asiyefuga, mais kobayi akikosa majani mabichi viungo vinamvimba na meno yanalegea, sawa tu na mutu. Nilikata nyasi mwenyewe kando ya kiwanja cha mpira. Askari wawili waliwahi kuniuliza nyasi hizo ni za kupika dawa gani ya vita. Niliwaambia ni za panya wakubwa wa chuo, wakaniona mwenda wazimu, wakaniacha, na toka siku hiyo nilipita salama.

Sasa lenyewe. Tulikuwa na kobayi watano kwenye kizimba cha tatu, wote wamechomwa makohozi ya mgonjwa mmoja, na watano kwenye kizimba cha nne ambao hawakuchomwa kitu, wa kulinganisha. Kibao cha namba kilikuwa kimefungwa kwenye kizimba. Kwenye mnyama mwenyewe hapakuwa na alama yoyote, nao wote walikuwa kahawia na nyeupe. Asubuhi moja, karibu juma la pili toka tuwachome, nilichelewa kwa sababu ya foleni ya maji, na mji ulikuwa na minong'ono mibaya. Nikafungua vizimba viwili kwa mara moja. Watano beseni hili, watano beseni lile, nioshe haraka nirudi nyumbani kwa batoto.

Risasi zilianzia upande wa soko. Nilijitupa chini, mguu ukapiga mabeseni yote mawili, yakalala ubavu. Nililala hapo uso kwenye maji ya sabuni, nasikia kucha za kobayi zinakimbia kwenye saruji. Kulipotulia niliwaokota. Wawili walikuwa bado kwenye beseni moja, wengine chini ya meza, mmoja nyuma ya ndoo. Nikawahesabu: watano na watano. Hesabu ilitimia, nikaridhika, nikafunga milango nikakimbia nyumbani. Vijana wangu, hesabu inaweza kutimia na jambo likabaki limeharibika.

Siku chache baadaye alikuja Mama Kavira. Alikuwa mmoja wa waliokimbia vijiji vyao, wakalazwa kwenye madarasa ya shule ya msingi nyuma ya ukuta wetu. Mwanamke mrefu, sauti yake ndogo. Alikuwa akija kuomba maji ya bomba letu, na nyuma yake binti yake Neema, wa kama miaka mitano, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya mahindi. Hakuniomba chakula hata mara moja, na hilo ndilo lililonisumbua. Angeomba, ningemwambia sina. Aliponiaga, akisema wanaenda Mavivi, kupita Beni, kwa kaka yake anayelima karibu na kiwanja cha ndege, nilimwambia angoje. Nikaingia ndani, nikafungua kizimba cha nne, nikatoa watatu: dume mmoja na majike wawili. Jike mmoja alikuwa na mimba tusiyoipanga, nami nilimchagua kwa makusudi, nikiwaza nyama itakuwa nyingi. Nikawatia kwenye kikapu chake, nikafunika na majani.

Wale hawakuchomwa kitu, nilijiambia. Ni kobayi wa kawaida, sawa na wa jiko langu. Sikuwapapasa hata mmoja. Mutu hapapasi mnyama wa kulinganisha.

Mama Kavira alishika mikono yangu miwili, akasema "wasingya", yaani aksanti. Neema alichungulia kikapuni, akacheka, nami nilirudi ndani nikiwa na furaha, Mungu anisamehe. Kisha nikafungua rejista nikaandika: watatu, kizimba cha nne, wamekufa, kukosa majani mabichi, wamezikwa. Prof alitia sahihi bila kuuliza. Aliniamini, na kabichi kweli hazikuwepo.

Majuma sita yalipotimia tukawapasua wa kizimba cha tatu. Etere, kisu, mimi naandika, Prof anasema. Wa kwanza alikuwa mgonjwa, tezi zimejaa, ini lina madoa. Wa pili vilevile, wa tatu, wa nne. Wa tano alikuwa safi. Prof alimgeuza, akatafuta hata kovu la sindano, akavua miwani akaipangusa na koti, akaivaa tena.

"Mama Masika," akasema, "mugonjwa yule yule, sindano ile ile. Huyu hawezi kuwa safi. Donc huyu si yeye."

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Nilisikia tena zile kucha kwenye saruji. Nilimjibu labda sindano ilikosea, akasema labda, lakini hakuandika chochote, akaenda kunawa. Alipotoka tu nilikimbilia kizimba cha nne nikawapapasa wawili waliobaki. Nikawapapasa mara ya pili, nikawapapasa macho yamefumbwa. Safi wote. Kama mmoja safi aliingia kizimba cha tatu, basi mmoja mgonjwa aliingia cha nne. Na kama hakuwa kati ya hawa wawili, alikuwa kwenye kikapu cha Mama Kavira.

Siku mbili sikula. Nilikuwa nikikaa naiona ile miguu ya Neema, na mama yake ameinama juu ya kobayi na kisu, mikono ndani ya ini lenye madoa. Mume wangu aliuliza ninaumwa nini, nikamjibu vibaya. Ningekwenda kwa Prof saa ileile, mambo yangekuwa mepesi, mais niliogopa kufukuzwa, na niliogopa zaidi uso wake. Nikamdanganya yeye na mume wangu kuwa kuna kilio Beni. Nikachukua chupa ndogo ya etere, pamba, na bati la biskuti, nikapanda juu ya kamyo, juu ya magunia.

Bariyeri za askari zilikuwa nyingi kuliko daraja. Kwenye mojawapo, mwanamke aliyekaa karibu nami alikuwa na kuku kapuni. Askari alisema kwa Lingala "mama, yaka", akamwita kwa kidole, akamshika kuku miguu, akaenda naye bila hata kumwangalia mwenye mali. Mwanamke alilia kuwa kuku yule ana kideri. Askari alicheka, akasema leo kuku wote wa njia hii wana kideri. Pale nikaelewa kuwa sitaweza kurudi Butembo na kobayi hai. Wangenyang'anywa, wangeliwa, na mimi ningekuwa nimeugawa ule ugonjwa mara ya pili. Nililala Beni kwa watu wa kanisa letu, na asubuhi nikatembea kwenda Mavivi, joto limenikaba na sweta yangu ya Butembo.

Mama Kavira alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliponiona aliacha mchi ndani ya kinu, akaja akinyoosha mikono, akauliza nimepitaje na njia ile. Neema alikuwa mlangoni. Miguu ilikuwa imeshuka, nywele zinarudia weusi wake. Nikapata pumzi kidogo. Halafu nikawaza: amepona kwa kula nini?

Niliuliza kama wale kobayi walikuwa watamu. Niliuliza hivyo, kama mchezo.

Mama Kavira aliniangalia kama nimemtukana. Chakula cha kwa kaka yake kilikuwa maharage, akaniambia, na samaki wadogo. Kobayi yeye alipewa majike, na jike la zawadi halichinjwi. Unalifuga, na mutoto wa kwanza anarudi kwa aliyekupa, ndipo wengine wanakuwa wako. Mimi ni Munande kama yeye. Nilijua desturi hiyo toka utotoni, mama yangu aliishika. Ni kule maabara ndiko nilikoisahau, kwa kuwa wanyama wa kule hawarudi kwa mutu.

Akaingia jikoni, akatoka na kikapu kidogo. Ndani kulikuwa na kobayi mchanga, mnene, na kipande cha uzi mwekundu shingoni.

"Hii ni yako," akasema. "Nilikuwa nawaza nitakutumia na nani."

Niliomba kuwaona wengine, akatoa kasha la mbao lililokuwa chini ya kitanda. Dume. Jike aliyezaa. Watoto wake watatu wengine. Niliweka haraka yangu mfukoni, nikapapasa mmoja mmoja, nao walikuwa safi. Jike wa pili hakuwa kwenye kasha. Nikauliza. Mama Kavira akasema yule ni wa Neema, alikonda, mtoto akamhurumia, anamlalisha kifuani usiku ili apate joto.

Neema alimleta amemkumbatia ndani ya kitenge. Vidole vyangu vilijua kabla yangu. Harage zima, gumu, linateleza, kwenye kinena. Ngozi juu yake ilikuwa bado haijapasuka. Nakumbuka nilishukuru kwa hilo, nikashikilia hilo peke yake kama mutu anashika ukuta gizani.

Niliketi chini nikawaambia. Nilimwambia Mama Kavira juu ya makohozi, vizimba viwili, risasi, rejista. Nilimwambia nilidhani ni wale safi. Alisikiliza amesimama, mkono juu ya kichwa cha mtoto. Nilipomaliza, ndege kubwa ya mizigo ikapita juu yetu ikishuka uwanjani, tukangoja ipite.

"Njala tulikuwa nayo, Mama," akasema. "Mais masikio pia tulikuwa nayo. Ungetuambia hawa banatoka wapi, mimi mwenyewe ningekataa ao ningekubali. Ulituona njala tu."

Nimefanya kazi na maprofesa, na wageni waliotoka mbali na vitabu vizito juu ya haki za anayefanyiwa utafiti. Hakuna aliyenifundisha kuzidi hayo.

Ilibidi wafe wote, waliokuwa safi pia, maana walilala kasha moja na mgonjwa, na tezi inaweza kuchelewa. Nilimweleza, akasema nifanye. Nikatandika pamba ndani ya bati, nikatia etere. Neema alikuja karibu, harufu ikamkunjisha pua.

"Unamupatia dawa?" akauliza.

Nilikuwa nimedanganya Prof, rejista, mume wangu, na watu wa kanisa walionilaza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Namulalisha. Hataamuka tena. Ana ugonjwa, na ugonjwa huo mimi ndiye niliuleta."

Hakulia mara moja. Alimbusu kobayi kichwani kabla sijamzuia, akanipa, akaenda kusimama nyuma ya mama yake. Nikawamaliza saba wote, huyo kwanza, yule wa uzi mwekundu mwisho, mmoja mmoja, polepole, mkono chini ya makalio. Papa Kasereka asingepata la kunikosoa kwenye mikono. Kaka wa Mama Kavira alichimba shimo refu, tukatia majivu na chokaa, tukachoma kasha. Niliomba waje Butembo Neema apimwe. Mama Kavira alisema watakuja. Hakunisindikiza hata njiani, na kwetu mnajua maana yake.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja kwa Prof, na vumbi la njia mwilini. Nilimwambia yote nimesimama. Halafu akaniuliza swali moja tu: walichinja hata mmoja? Nikasema hapana. Akafumba macho. Hatari kubwa, akaeleza, ingekuwa kwenye kuchinja, na kwenye tezi ikishapasuka. Desturi niliyoisahau ndiyo iliyowakinga, pale ambapo huruma yangu iliwapelekea ugonjwa.

Akafungua rejista. Nilikuwa tayari kuifuta ile mistari, akanishika mkono. Alinitaka nipige mstari mmoja juu ya uongo, usomeke bado, na chini yake niandike ukweli na jina langu. Nikaandika. Ukurasa huo uko kabatini hadi leo, rafu ya chini, na yeyote kati yenu anayetaka kuniona mimi ni nani aende akausome.

Hakunifukuza. Mara nyingi niliona afadhali angenifukuza. Toka juma lile kila kobayi alipakwa alama mwilini kwa dawa ile ya zambarau ya vidonda, bega kwa waliochomwa, mgongo kwa wa kulinganisha, na vibao vya vizimba vikabaki mapambo. Ndiyo maana mlinikuta na vidole vya zambarau mkadhani ni ugonjwa. Neema alikuja na mama yake, akapimwa ngozi, akapigwa picha ya kifua, akarudi tena na tena kwa miaka miwili. Hakuwa na kitu. Kila mara nilingoja nje ya mlango siwezi kukaa kwenye benchi, na Mama Kavira alikaa kwenye benchi hilo ananitazama nikizunguka, hanisemeshi.

Vita ilipolegea walihamia Butembo, yeye akawa anauza sombe sokoni. Kitivo kikaunda kamati ya kuangalia utafiti wa wanyama, na karatasi zikataka mjumbe mmoja asiye wa chuo. Wengine walitaja wachungaji, wengine wafanyabiashara wakubwa. Mimi nilimtaja yeye. Kuna daktari mmoja kijana aliyeuliza muuza sombe ataelewa nini. Prof akamwambia atakuja kuona. Mlimwona wenyewe: anakaa pembeni na kitambaa chake kichwani, anawaacha muongee Kifaransa mpaka mchoke, kisha anauliza swali lilelile miaka yote. Kisha kazi, hawa banaendaka wapi? Nimeona watu wenye shahada mbili wakifunua karatasi zao mbele na nyuma wakitafuta jibu. Na utafiti usio na jibu hakuutilia sahihi.

Mwaka ule wa kwanza wa kamati nilimpelekea jike la kobayi kutoka jikoni kwangu, ambako sindano haijawahi kuingia. Nilikuwa nimemuulia saba. Alilipokea bila kulitazama sana, akasema mutoto wa kwanza atanirudishia siku moyo utakubali. Jike lilizaa, wajukuu wake wakazaa, soko zima likapata kobayi wa Mama Kavira. Mimi sikuletewa, na sikuuliza. Tulikaa kwenye kamati meza moja miaka yote hiyo, tukasalimiana vizuri, na kila kikao niliangalia mikono yake kama ina kikapu.

Siku yenu ya soda na biskuti, mlipokwisha kutawanyika, alinikuta naokota vifuniko vya chupa. Alikuwa na kikapu. Ndani kulikuwa na jike changa, kahawia na nyeupe, uzi mwekundu shingoni. Nililipokea, na kabla sijasema neno vidole vyangu vilikuwa vimekwenda vyenyewe kwenye kinena. Niliona haya, nikataka kuvitoa.

"Mupime tu," akasema. "Mimi pia nimemupima."

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema ni mimi, siku ile Mavivi, alinitazama vidole. Akanyoosha mkono wake, akanigusa chini ya taya, upande huu na upande ule, polepole, vidole viwili, pale pale tezi za kifua kikuu zinapovimba kwa mutu. Toka siku ile, akaniambia, Neema akija kumusalimia, yeye anamushika hivi. Alikuwa mtoto, akawa msichana, ameolewa, ana batoto wake watatu, na bado kila akiinama kusalimia, mama yake anampapasa shingo, kisha anapapasa za wajukuu.

"Hawajui," akasema. "Banazani ni mapendo tu."